Meli Yenye Mtandao

...na hii ya mtoni, mama, ni ndogo, abiria wachache, mnakula wote ukumbi mmoja, anasema binti wa wakala wa safari, na ukucha wake mrefu unagonga picha ya meli kwenye kioo cha meza, na mimi nimeshaitikia, ndiyo, hiyo hiyo, ila nimeitikia moyoni tu, usoni nimevaa tabasamu la kupigia picha, maana huyu aliyekaa kando yangu, baba watoto, akiona nimefurahi atashtuka, na mimi sijanyamaza miezi yote hii ili nije kuharibu leo, watoto wamechanga, wamesema baba na mama mmetulea, mmechoka, nendeni mkapumzike majini, bahari au mto chagueni wenyewe, na mimi nilishachagua kabla hawajamaliza kusema, mto, meli ndogo, ukumbi mmoja, korido nyembamba ambayo watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani, nimwone sasa atajificha wapi kuongea na fundi wake... fundi, jamani, Fundi Bomba, ndivyo alivyomwandika kwenye simu, na mimi nikaamini, bomba la jikoni lilikuwa linavuja kweli, simu ikilia tunakula anainuka, fundi huyo, ngoja nimsikilize, anatoka nje uani kusikiliza habari za bomba nusu saa nzima, anarudi chakula kimepoa, ananiambia anakuja kesho, na mimi namwekea beseni chini ya sinki, nasubiri kesho, mpaka asubuhi ile bomba lilipopasuka, maji yamefika mlangoni, yeye yuko bafuni anaimba, nikachukua simu yake nikampigia Fundi, na Fundi akapokea na sauti laini ya usingizi, umeamka, mpenzi... nikakata, ningemwambia njoo na spana yako tuone, lakini nikakata, nikaifuta ile simu isionekane, nikachukua dekio nikadeki, nikadeki hata palipokuwa pakavu.

Ya baharini sasa, anasema binti, hiyo ni mji unaoelea, mabwawa, sinema, maduka, migahawa mpaka mchague, mnaweza mkashinda siku nzima msionane, na anacheka, nami nacheka naye, moyoni namwambia mwanangu, hiyo tunayo nyumbani, hatuhitaji meli, na baba watoto hata hajacheka, kidole gumba kiko kwenye simu, amevaa shati la bluu ambalo kifungo chake nimekishona asubuhi hii nimepiga magoti mbele yake kwa sababu alishalivaa na hakutaka kulivua, cherehani nimestaafu lakini sindano bado inanitafuta, ningeweza kumdunga pale pale, kidogo tu, kifuani, nikasema samahani mume wangu mkono umeteleza, lakini nikakata uzi kwa meno nikamwambia umependeza... tofauti nyingine ni mtandao, anasema binti, ya mtoni inapita mabondeni, mtandao unakuja na kupotea, ya baharini mnaupata kila mahali, mpaka kitandani, na hapo baba watoto akainua kichwa, tangu tuingie ofisi hii ndiyo mara ya kwanza kainua kichwa, kila mahali? Kila mahali, mzee. Basi bahari ni nzuri, mama, ananigeukia, tukapunge hewa ya bahari, mara moja maishani... bahari, wewe, wewe ambaye gari likiyumba kidogo unatafuta mfuko wa kutapikia, wewe na tumbo lako.

Tumbo lake, aisee, baba yangu alizikwa kisiwani, kuvuka kwenyewe kwa feri ni kufupi, uji ukiufunika vizuri haupoi kabla hujafika, na huyu alifika mpaka geti la feri, amevaa koti, akatazama maji, akaniambia mama, unalijua tumbo langu, na mimi nikalielewa hilo tumbo, nikapanda peke yangu na kitindamimba mgongoni, kaka zangu wananiuliza shemeji yuko wapi, baba yuko kwenye jeneza pale mbele yangu na mimi nasema ana homa, mbaya sana, hawezi hata kusimama, nikamsingizia homa mtu aliyekuwa amekaa nyumbani anasikiliza mpira, baba yangu aliyempa mke bila kumsumbua, na leo kwa ajili ya Fundi, kwa ajili ya sauti ya usingizi, tumbo limepona, linataka bahari nzima.

Haya, bahari basi, itakuwa bahari, nabadilisha, namuuliza binti kwa upole, mwanangu, vyumba gani vinayumba zaidi, naye anasema vya mbele kabisa, juu, hivyo siwashauri, na mimi naona raha inanipanda toka miguuni, ndicho hicho, mbele kabisa, juu, nimwone amekumbatia choo, macho mekundu, simu imeshika mtandao wote wa dunia na yeye hawezi hata kusema halo, Fundi analia halo, halo, na mimi nimekaa mgahawani, meza ya watu wawili, nakula taratibu, naagiza tena, wahudumu wakiuliza mwenzako yuko wapi nitawaambia ana homa... na nitarudi chumbani nimtazame, halafu... halafu nani atashika beseni, maana najijua, mkono huu haungoji kuambiwa, akianza tu kutoa ile sauti utakuwa umeshafika, utamshika kichwa, utafua taulo, utatafuta limau, utamkoroga uji mpaka apate nguvu, na akipata nguvu atatoka nje kumpigia Fundi, kwa nguvu za uji wangu. Na mtoni je, mtoni nitakuwa askari, safari ya kwanza ya maisha yangu nimekaa nalinda korido, nasikiliza mlango wa msalani, kijani chote kile kinapita dirishani na mimi natazama mfuko wa suruali ya mtu, kumbe meli zote mbili zina kazi, na kazi ni yangu, sijapewa safari, nimehamishwa kituo cha kazi.

Simu inatetemeka kwenye kioo cha meza, jina liko juu, Fundi Bomba, anaigeuza haraka, anamchekea binti, fundi huyo, bomba la jikoni linatusumbua kweli, anasema, na mimi nageuka namtazama vizuri, uso wake mzima, masikio yake, kwa sababu bomba lile limeshatengenezwa, wiki ile ile, nilimwita fundi wa kweli, mzee mwenye kikohozi, akaweka bomba jipya, beseni nikaliondoa, na huyu mwenye nyumba yake hajui, hajaingia jikoni kwake mpaka leo anatangaza bomba lisilovuja... na hasira niliyoilea kama mtoto, niliyoibeba mpaka ofisi hii, naiona haitaki tena kumfungia, inataka kumwachia, aende, aende na tumbo lake, Fundi akashike beseni.

Basi mama, niandike ipi, anasema binti, na baba watoto tayari ameinamia simu, kidole gumba kinakimbia. Mto, namwambia, sauti ndogo kabisa, chumba cha mtu mmoja, na huyu mtafutie ya baharini, cha watu wawili, mbele kabisa, juu. Ukucha umesimama juu ya kioo, binti ananitazama mimi, anamtazama yeye, mzee, umesikia alivyosema mama?

Eeh, hivyo hivyo, anasema bila kuinua kichwa, sisi hatuna makuu.