Jokaradi la Chiriku

Ukitaka kumuudhi fundi makochi, lisifu kochi lako mbele yake. Atakutazama kutoka utosini mpaka kisigino, kisha aulize: zuri wapi, kwenye mahameli? Halafu atalipindua miguu juu, achane kile kitambaa cheusi cha chini na kukuonyesha mbao za makasha ya mizigo zilizogongelewa misumari ovyo ovyo kama banda la kuku. "Hili ndilo kochi lako," atasema, na kurudi kwenye cherehani yake. Wateja walinuna, wengine wakaapa hawakanyagi tena pale, kisha wakarudi, maana kazi yake ilikuwa safi na hilo hata adui yake alilikubali. Lakini mdomo! Mdomo ulikuwa mchungu kama shubiri.

Aliwadharau wanaochagua rangi kabla ya kuuliza mbao. Alimdharau kinyozi wa chumba cha jirani kwa kushinda siku nzima anang'arisha vioo. Na zaidi ya yote, mtu mzima na kipara chake, alilidharau joka moja lililokuwa ndani ya simu.

Msicheke. Mtaani pale watu wazima wengi tu walicheza Zizi la Mazimwi. Unakamata mazimwi porini, mle mle ndani ya simu, unayalisha, unayafunza, yanakua, halafu unayapeleka kupigana na ya wenzako. Kila Jumamosi mchana kinyozi alisogeza viti vyake ukutani, wachezaji wakajaa chumba kizima, na aliyekuja kunyolewa kweli akangoja mpaka achoke. Na katika mazimwi yote yale, hakuna lililopendwa kama Jokaradi.

Kinyozi akianza kulisifu, mteja alikuwa hatarini kuondoka na kichwa nusu. Ati likifungua mabawa skrini nzima inakuwa buluu. Ati ndilo pekee linalombeba mwenyewe mgongoni kuvuka maziwa na milima ya mchezo ule. Ati likipigwa halianguki kirahisi, linajivua magamba, na kila likijivua linazidi wepesi na kuzidi nguvu, mpaka radi yake inamkuta adui hajajua pa kukimbilia. Na utamu wenyewe, alisema kinyozi huku mkasi umesimama hewani, ni kwamba halizaliwi joka. Linazaliwa funza. Funza mweupe, mnene, asiyejua kupiga wala kukimbia, anayeshindwa hata na panya wa hatua ya kwanza. Unamlea huku unachekwa. Kisha anajifungia ndani ya gamba na kukaa humo kama gunzi, hafanyi lolote, wiki zinapita. Wengi hukata tamaa hapo. Asiyekata tamaa, siku moja gamba linapasuka, na usiniulize raha yake.

"Mahameli," fundi alisema kila mara. "Mahameli matupu."

Kisha alitoa somo, aliyetaka na asiyetaka akalisikia. Joka zima, na mabawa yake na mbwembwe zake, pumzi moja ya barafu inatosha kulilaza chali. Magamba gani hayo yasiyozuia hata baridi? Mtu anapoteza miezi kulea funza ili mwishowe apate kitu cha kuringia tu. Yeye alikuwa na konokono. Konokono Barafu, rangi ya maji ya kufulia, hana mabawa, hana mngurumo, anatambaa mpaka mpinzani anapiga miayo. Anapuliza barafu, anajificha. Anapuliza tena, anajificha tena. Kwa mtindo huo fundi alishinda Jumamosi nyingi, na hakuna aliyempigia makofi. Kutopigiwa makofi nako alikuona ni ushahidi kwamba watu ni mbumbumbu.

Sasa, fundi huyu alikuwa na binti. Yeye na mama wa mtoto waliachana zamani, wala hapakuwa na ugomvi wa kuvunja vyombo. Mama alichoka tu kuishi na mtu anayepindua kila kitu miguu juu. Binti aliishi kwa mama yake na Jumamosi aliletwa karakana kushinda na baba. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, ila kwa baba yake alikuwa bubu. Jumamosi za mwanzo walikaa pale kama abiria wasiojuana, mtoto akinyofoa vipande vya sponji, baba akishona. Kilichowafungua midomo ni Zizi la Mazimwi. Fundi alimpa simu yake ya zamani, na kwa kuwa mama alikataza michezo siku za shule, simu ilibaki karakana, ndani ya droo ya cherehani, ikimngoja mwenyewe.

Na katika mazimwi yote ya dunia ile, mtoto akachagua funza.

Fundi almanusura ameze msumari aliokuwa ameubana midomoni. Alimkanya, akamweleza habari za barafu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akamwonyesha vizimwi vingine vyenye akili. Chiriku alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akaendelea kumlisha funza wake. Akampa jina, Shangazi, kwa sababu, alisema, anakaa tu na kununa akitaka kuletewa chakula. Fundi alikuwa na dada wa namna hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza mbele ya mtoto alicheka.

Shangazi akaingia gambani. Kila Jumamosi Chiriku alikwenda kwenye droo kumwamkia kwanza, ndipo akaja kumwamkia baba. Siku gamba lilipopasuka alipiga ukelele mpaka kinyozi akaja mbio, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi. Skrini ilikuwa buluu kweli. Chiriku alipanda mgongoni mwa Shangazi akazunguka ziwa lote la mchezo, akimsimulia baba kila anachokiona chini, na katika kusimulia akaingiza ya shuleni, na ya rafiki aliyemkasirikia, na ya jino linalotikisika. Fundi hakuwahi kusikia maneno mengi hivyo kutoka kwa mwanawe. Alichojibu ni kwamba bawa la kushoto limechorwa vibaya.

Ndipo ikaja habari ya likizo. Mama alisema mtoto amekua, achague mwenyewe: likizo ndefu yote aende kwa bibi yake pamoja na mama, ama akae kwa baba, alale huko huko. Jibu angelitoa Jumamosi iliyofuata, mama akija kumchukua, baada ya mashindano ya wawili wawili aliyotangaza kinyozi. Fundi aliitaka likizo ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alitoa mabaki yote kwenye chumba cha stoo, akapiga rangi, akaunda kitanda cha mbao ngumu ambacho hata yeye hakukiona kasoro, na kwa mtu kama yeye hiyo ni sawa na kulia machozi. Lakini kumwambia mtoto, njoo, nakutaka hapa? Thubutu. Maneno ya namna hiyo nayo aliyaona mahameli. Badala yake akajiwekea akilini: tukishinda, atanichagua.

Na alipowaza ushindi, alimwona nani anawakwamisha? Shangazi.

Mchezo ule una tanuri. Zimwi usilolihitaji unalitia tanurini, linayeyuka, na nguvu zake zinahamia kwa zimwi jingine. Halirudi tena. Wachezaji hutupa humo panya na vyura waliozidi, basi. Ila fundi maisha yake yote alichomoa springi nzima kutoka kwenye kochi bovu na kuitia kwenye kochi la maana, hakuona tofauti. Yeye na mtoto walikwisha kuunganisha mazizi yao kwa ajili ya mashindano, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi. Katikati ya wiki, mchana kweupe, Chiriku yuko shuleni, alifungua droo, akawasha simu ya mwanawe, akamweka Shangazi tanurini. Mchezo ukamuuliza kama ana uhakika. Akajibu ndiyo. Ukamuuliza tena. Akachukia kuulizwa tena, kana kwamba simu ilimwona hajui kazi, akakibonyeza kile kitufe kwa kidole gumba kama anayeua kunguni.

Konokono akavimba, akapata wepesi wa radi. Konokono mwenye mbio! Fundi alicheka peke yake mle karakana, akapiga mluzi, akampa mteja aliyekuja siku ile kiti cha kukaa, jambo lisilo kawaida yake. Loh, mjinga huyu alikuwa na furaha. Aliona amemwandalia mwanawe zawadi.

Jumamosi Chiriku aliingia mbio, akavuta droo, akawasha simu. Fundi aliendelea kushona huku akimtazama kwa pembe ya jicho, maana alitaka kuuona ule mshangao. Mtoto alipitisha kidole kwenye zizi, akarudi mwanzo, akapitisha tena.

"Baba, Shangazi yuko wapi?"

Fundi akavuta kigoda na kumweleza yote, taratibu, kama anayemfundisha kazi. Akamwonyesha konokono alivyonenepa. Akamweleza kwamba kinyozi atakuja na joka lake, kama kawaida yake, na litalala kabla halijafungua bawa la pili.

"Hajapotea," alimalizia. "Yumo humo humo. Nguvu zake zote zipo, nimeondoa mapambo tu."

Chiriku alimtazama konokono. Hakulia. Angelia, pengine hata kichwa kigumu kama kile kingeshtuka. Alisema tu, "Haya, baba," akafuta kioo cha simu kwa upindo wa gauni lake, akakaa kungoja. Na fundi, ambaye husikia springi iliyovunjika ndani ya kochi kabla hujaketi, hapo hakusikia kitu. Aliona mtoto ametulia, akajisifu moyoni kwamba hatimaye ameelewa mambo.

Kwa kinyozi walijaa kama kawaida. Chiriku alicheza sawasawa na alivyoelekezwa. Baba akisema puliza, anapuliza. Akisema jifiche, anajificha. Hakukosea popote, na hakusema neno lolote lisilohusu mchezo. Wapinzani walianguka mmoja baada ya mwingine, konokono akizunguka uwanja kwa mbio zisizo zake, na ilichukiza kumtazama. Mwishoni akabaki kinyozi na mwenzake. Jokaradi la kinyozi likafungua mabawa, skrini ikawa buluu, watu wakaguna kwa raha, na kabla hawajamaliza kuguna lilikuwa limelala chali.

Kinyozi alikubali kushindwa bila kinyongo. Kilichomshangaza ni kitu kingine. Aliuliza Shangazi amewekwa wapi, mbona hajachezeshwa, na fundi, huku amejaa sifa mpaka masikioni, akawaeleza watu wote habari ya tanuri. Mashine ya kunyolea iliyokuwa inalia kwenye kona ikazimwa.

"Umeyeyusha joka la mtoto?" kinyozi aliuliza.

Fundi akamwambia aangalie matokeo. Kinyozi hakuangalia matokeo. Alimwangalia yeye, vile mtu anavyoangalia alichokanyaga barabarani, kisha akachukua kikombe cha plastiki kilichopakwa rangi ya dhahabu na kukiweka kwenye kiti badala ya kumpa mkononi. Fundi alizoea kudharau, hakuzoea kudharauliwa, tena na mpenda vioo. Ilimchoma. Akajiambia wana wivu.

Mama wa mtoto alifika akasimama mlangoni na mkoba wake, akawasalimu wote, akauliza nani kashinda. Alipoonyeshwa kikombe akampongeza binti yake. Halafu akamwuliza lile swali, kwa upole tu, kwamba kama bado anataka kufikiri si lazima ajibu leo.

"Kwa bibi," alisema Chiriku.

Fundi aliinuka. Alisema lakini tumeshinda. Alisema stoo ameisafisha, chumba ni kizuri, kitanda amekiunda mwenyewe. Alikuwa anasema haraka haraka, tena mbele ya watu, yale yote ambayo wiki nzima aliyaona hayafai kusemwa. Mama alimtazama kwa mshangao, maana katika miaka yote aliyoishi naye hakuwahi kumsikia akiomba.

Chiriku alimsogelea, akamkabidhi simu kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa.

"Waliobaki zizini wayeyushe wote, baba," alisema. "Watamfaa konokono wako."

Hakukuwa na hasira ndani yake. Alisema kama mtoto anayemwagiza mtu jambo la kawaida, kisha akashika mkoba wa mama yake wakatoka. Fundi alitaka kuwaita, amwambie ule ulikuwa mchezo tu, lakini wachezaji wote waliokuwa mle ndani walishawahi kutukanwa na yeye kwa kusema maneno hayo hayo, nao walikuwa wanamtazama. Akabaki mlangoni, simu mkononi, akiyarudia kichwani maneno ya mwanawe, akiyageuza huku na huku, na hakuyaona kasoro.