Siku Niliyouona Upepo

Mimi ni mtu wa hasira, na mume wangu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo siku alipotaka kuniambia kwamba kibaraza changu kinakula mafuta, alianza kwa kunioshea vyombo. Nikamwangalia anavyosugua sufuria kwa unyenyekevu, nikajisemea moyoni, hapa kuna jambo.

Niwaeleze kwanza hicho kibaraza. Sisi tunaishi ndani ya basi. Ndiyo, basi, tena la dizeli, la njano, lililokuwa la shule. Mume wangu aliliendesha miaka mingi, akiwabeba watoto wa watu kwa mwendo wa kobe mpaka wakampa jina la Polepole. Lilipochoka, shule ikataka kuliuza kama chuma chakavu, akalichukua yeye. Aking'oa kiti anaweka kitanda, aking'oa kingine anaweka jiko, na karibu na mlango akaiweka meza ya cherehani yangu, maana mimi ni fundi wa nguo. Mimi nikagoma kuhamia. Ndipo akanijengea, juu ya keria ya paani, kibaraza cha mbao chenye ukingo, paa la turubai na pipa la maji. Huko juu ndiko nilikokuwa nashona jioni, miguu nimeining'iniza, nikiwatazama wapita njia vichwani. Nilikipenda kile kibaraza jamani! Ni nani mwingine ana baraza lenye magurudumu?

Sasa, mama yangu aliishi ng'ambo ya nyika. Alianguka akavunjika nyonga, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo hawezi kukaa, ni kulala tu. Jirani aliyekuwa akimhudumia alikuwa anahama mwisho wa mwezi, na baada yake hakukuwa na mtu. Gari lenye kitanda tulikuwa nalo sisi. Mama, ambaye ukali huu nimeurithi kwake, alinipigia simu akasema, "Usije na pole zako. Njoo na kitanda."

Tatizo ni nyika yenyewe. Kituo cha mafuta cha katikati kilifungwa zamani, na kwenye kizuizi askari hawaruhusu mtu kupita na madumu ya mafuta tangu lori moja liungue. Unaingia nyikani na kilichomo tangini, basi. Tangi kubwa zaidi la kulifaa basi letu tulilitafuta tukalikosa. Mara ya kwanza tulijaribu hivyo hivyo, tangi limejaa pomoni, na bado basi likatuzimikia mbali na ng'ambo. Lilikohoa, likatikisika, likanyamaza. Nikateremka nikalipiga teke gurudumu, nikaumia kidole. Dereva wa lori aliyetuvuta kuturudisha hakuweza kutugawia dizeli, tangi lake lilikuwa na kufuli na ufunguo anao tajiri wake, lakini kicheko alikuwa nacho tele. "Mama," akaniambia, "nyumba yako ina kiu."

Nililia njia nzima. Si kwa ajili ya kicheko chake, hicho ningekijibu. Nililia kwa sababu mama alikuwa ameshafungiwa mizigo yake, amelala anasikiliza kila gari linalopita.

Tuliporudi, alikuja shemeji yangu, mdogo wake Polepole. Yeye ni fundi wa magari, na mdomo wake haupumziki. Wakaliendesha basi mwendo mfupi, wakasimama, wakagusa kila gurudumu kwa kiganja. Moja la nyuma lilikuwa la moto, breki yake ilikuwa inang'ang'ania hata mguu ukishatoka. Filta ya hewa walipoikung'uta tulikohoa sote. Matairi nayo yalikuwa laini, wakayajaza sawasawa. Kisha shemeji akampiga kaka yake begani. "Leo jina lako litatusaidia, bwana. Usikimbize hili dude, ukikimbiza linakunywa."

Wakalijaribu tena. Nafuu ilikuwepo, tena kubwa. Lakini kwa hesabu za shemeji tungekwama vilevile, safari hii mapaa ya ng'ambo tukiyaona kwa macho.

Ndipo vyombo vikaoshwa.

"Kilichobaki ni upepo," Polepole akasema, uso ameuelekeza kwenye sufuria. "Kile kibaraza kinapigana na upepo, mke wangu."

"Upepo?" Nilipandisha hapo hapo. "Upepo ndio unaokunywa dizeli? Umeuona wapi? Sema tu umechoka kuniona nimekaa juu!"

Hakunijibu haraka. Huyu bwana hajawahi kujibu kitu haraka. Alikausha sufuria, akaitundika mahali pake. "Sijauona," akasema. "Ila nadhani tunaweza kuuona. Nipe uzi."

Nikampa uzi wa cherehani, akautazama, akatikisa kichwa kwa huzuni. Ni mwembamba mno. Alitaka uzi wa sufu, mwepesi, wa rangi ya kuonekana kwa mbali. Na ndani ya basi zima uzi wa sufu ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye sweta jekundu alilonifumia mama nilipoanza shule. Halinienei hata mkono mmoja. Lakini popote nilipohamia limekuwa chini ya nguo zangu, na Polepole analijua. Hakulitaja. Aliangalia sakafu tu.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni, makali, yenye meno. Nikayameza. Anayesubiri kule ni nani, si mama? Nikalitoa sweta, nikakaa kitandani, nikatafuta ncha, nikavuta. Likaanza kufumuka mstari kwa mstari, na mimi nikavuta tu, nikavuta, mpaka mapaja yangu yakajaa uzi uliojikunja na mikono yangu ikabaki haina cha kushika.

Tulikata vipande vya urefu wa kiganja, tukavibandika kwa selotepu usoni pa basi, ubavuni, madirishani, nyuma, na huko juu kwenye kibaraza kote. Basi likaota manyoya mekundu. Majirani wakatoka kutazama, mmoja akauliza kama tuna harusi.

"Ndiyo," shemeji akamjibu, "na bibi harusi ndiye huyu hapa. Msimsogelee, anauma."

Tukatoka hadi kwenye barabara iliyonyooka nje ya mji. Polepole akashika usukani peke yake, mimi nikapanda pikipiki nyuma ya shemeji ili tuandamane na basi nitazame.

"Shem, nishike vizuri," akasema. "Ukidondoka, kaka ataniua, na unajua atakavyoniua. Taratibu!"

Basi likashika mwendo, nasi tukalisogelea ubavuni. Mwanzoni sikuelewa ninachokitazama. Halafu mwili wote ukanisisimka.

Ubavuni nyuzi zilikuwa zimelala zote kuelekea nyuma, zimenyooka, zinatetemeka kidogo tu, kama nywele zilizotoka kuchanwa. Shemeji alipoongeza mwendo tukafika mbele, nikaona za usoni zimegawana njia, hizi zinapanda, hizi zinashuka, hizi zinakimbilia kona. Kumbe upepo ana barabara zake! Ndiyo, nimesema "ana", kama mtu, maana hivyo ndivyo nilivyomwona. Umri wangu wote upepo umenikaushia nguo, umenibamizia milango, umenitia vumbi machoni, na sikuwahi kuliona umbo lake. Leo ulikuwa mbele yangu mchana kweupe, umevaa sweta langu.

Kisha shemeji akaturudisha nyuma kidogo, nikainua macho juu. Loo! Kwenye kibaraza changu kulikuwa na vita. Nyuzi zilizunguka, zikajichapa, zikajisokota. Na zile za nyuma ya pipa, hapo ndipo pumzi ziliponipaa, zilikuwa zimeelekea mbele! Basi linakwenda mbele na nyuzi zinaelekea mbele. Upepo ulikuwa unaruka pipa, unaanguka nyuma yake, unajipinda na kurudi kulifuata basi.

"Umeona?" shemeji akapiga kelele. "Dizeli yetu inaishia hapo! Tunaburuta gunia la upepo!"

"Naona!" Machozi yalikuwa yananitiririka, na si ya vumbi. "Naona, shemeji! Jamani, naona!"

Tuliposimama mimi ndiye niliyepanda juu wa kwanza. Polepole akanifuata akiwa na uso wa mtu aliyevunja kitu cha watu. "Labda tutoe pipa tu," akasema. "Paa tuliache. Tunaweza kutafuta njia nyingine."

"Njia nyingine ipi? Niletee spana."

"Lakini ni kibaraza chako."

"Najua ni cha nani. Spana, Polepole!"

Nikafungua nati ya kwanza kwa mkono wangu. Mbao alizozipiga randa yeye mwenyewe tukazishusha moja moja, na turubai, na pipa, na keria yenyewe. Sitasema sikuumia, niliumia sana. Lakini tulipolijaribu tena, nikiwa nyuma ya shemeji, nyuzi za juu zilikuwa zimelala. Zote, toka mbele hadi nyuma. Upepo ulikuwa unapita juu ya basi letu bila ugomvi, nami nikaona nimetulia kama aliyeombewa dua.

Asubuhi iliyofuata tukaingia nyikani. Kule hakuna kitu, ni ardhi tu na mbingu, na barabara nyembamba katikati inayokwenda mpaka macho yanachoka. Nilikaa karibu na dereva, nikautazama mshale wa mafuta mpaka ukaanza kucheza machoni mwangu. Polepole aliligusa kanyagio kwa ncha ya kiatu, mteremko ukija anaachia, mlima ukija anausubiri. Sikumgombeza hata mara moja, na hilo nalo liandikwe mahali.

Mahali tulipokwama nilipatambua kwa kamba ya lile lori lililotuvuta, iliyokatika ikabaki kando ya njia. Nikashikilia kiti. Tukapapita. Injini iliendelea kuunguruma, nyika ikaendelea kufunguka mbele yetu, pana, kimya, na nje ya kioo nyuzi nyekundu zimelala. Nikaogopa, lakini si kuogopa kukwama. Niliogopa kama mtu aliyeingizwa katika nyumba kubwa ambayo siku zote amekuwa akipita nje yake. Mapaa ya ng'ambo yalipochomoza, mshale ulikuwa bado haujagusa chini. Polepole akapangusa macho kwa mkono wa shati, akasingizia jua.

Mama tulimtoa ndani kwa shuka, mimi na Polepole na yule jirani aliyekuwa bado hajahama. Alikuwa mwepesi mno. Alitukaripia tangu kitandani mwake mpaka kitandani mwetu: inua huku, shusha pale, nyie mmebeba magunia? Tukamlaza kando ya dirisha. Tukajaza tangi, tukaanza kurudi.

Hatukwenda mbali akanyanyua kidole. "Nini hicho kinachocheza kiooni?"

Akakaza macho, na mama yangu kwa sufu hadanganyiki.

"Huo uzi wangu," akasema. "Umelifumua sweta langu."

"Ndiyo, mama." Nikajiandaa kwa yatakayofuata.

Basi likashika mwendo. Nje ya dirisha uzi ukaacha kucheza, ukanyooka, ukalala. Mama akaweka kidole kwenye kioo kwa ndani, akaufuata taratibu toka kwenye selotepu mpaka kwenye ncha.

"Nililifuma ili upepo usikupate," akasema.

Nikakaa sakafuni kando ya kitanda, nikaegemeza kichwa karibu na mkono wake, tukautazama pamoja.