Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Kabla Asma hajahamishiwa Ihumwa, Mrisho hakuwa na mpinzani. Alikuwa bwana mifugo wa pale tangu enzi zile dawa zikitoka stoo ya serikali kwa kibali. Hata biashara ilipoachiwa huru, maduka ya dawa za mifugo yakachipuka mjini na kila mfugaji akawa na sindano yake mfukoni, ng'ombe akizidiwa watu bado walimtafuta Mrisho. Alikuwa mtoto wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, mwenye maneno matamu na mkono mwepesi. Alifika, akajulia hali watoto, akachoma, akaondoka. Wafugaji walipenda hivyo. Kwao mtu anayemtazama ng'ombe na kuondoka bila kuchoma si daktari, ni mgeni tu aliyepita.

Na ng'ombe akipona kulikuwa na desturi. Mwenye ng'ombe alikama maziwa safi ya kwanza, akayagandisha kwenye kibuyu, na kibuyu kikapelekwa kwa aliyetibu, mchana kweupe, kwa njia ya katikati ili majirani waone. Mrisho hakuwa mpenzi wa maziwa ya mgando. Yalimjaza tumbo gesi. Alichokipenda ni ile safari ya kibuyu.

Basi akaja huyo Asma, binti wa Kondoa, mwembamba, na stashahada yake ya mifugo ambayo wino haujakauka. Hakuchoma kabla ya kupima joto. Alikamulia maziwa kwenye kitambaa cheusi ayaone mabonge. Akianza dozi alirudi na baiskeli yake kila siku mpaka iishe, hata kama ng'ombe keshaanza kurusha mateke. Mwanzoni watu walimcheka, wakasema huyu anajifunzia kwa ng'ombe wetu. Kisha wakaacha kucheka, na siku moja Mrisho akiwa barazani kwake na kahawa yake mkononi akaona kibuyu kinakuja. Akajiweka sawa kwenye kiti. Kibuyu kikampita, kikaenda zake kwa Asma.

Kahawa ikamshinda siku hiyo. Na kilichomkera zaidi ni adabu ya yule msichana. Kila asubuhi alimwambia, "Shikamoo, mzee Mrisho." Mzee! Mtu ambaye bado alichana nywele mbele ya kioo na kugeuka ajione na upande.

Siku moja ofisini, mbele ya karani, walibishana juu ya nusu dozi. Mrisho aliamini kwamba ng'ombe akipewa dawa nyingi mwili wake unaizoea, kwa hiyo ni busara kumchoma kidogo, ya kupoza, na chupa moja ikawafaa watu wengi. Ndivyo alivyofanya miaka yote, na penisilini ndiyo iliyokuwa kipenzi chake. Asma alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema taratibu kwamba anayezoea dawa si ng'ombe, ni vijidudu. Ukivipa dawa kidogo vinakufa vile dhaifu, vinabaki vile sugu, na hivyo ndivyo vinavyozaliana. Karani akatikisa kichwa kwa kuelewa. Mrisho angeweza kumsamehe Asma maneno yale, lakini kile kichwa cha karani hakukisamehe kamwe.

Ndipo ng'ombe chotara wa Elieza alipougua kiwele. Elieza alikuwa Mgogo aliyestaafishwa reli, na miaka yote Mrisho ndiye aliyetibu zizi lake. Safari hii akamwita Asma. Alipoulizwa na watu kwa nini, alijibu kwamba Mrisho ni mtu mzuri, ila huyu binti anarudi.

Asma akaanza na penisilini, dozi kamili. Mrisho akawa anapitapita nje ya ua na kuchungulia. Siku ya kwanza kiwele kilikuwa kimevimba, siku ya pili kimezidi. Mtu mwenye roho safi angesikitika. Mrisho alitembea kama aliyepata mtoto wa kiume.

Lakini furaha ya kuona mwenzio akishindwa ina kiu, haimtoshi mtu. Alitaka na sifa ya kuponya. Siku ya mnada, Elieza akiwa mnadani na mkewe Loisi kisimani, Mrisho aliingia zizini na dawa nyingine, ya njano, ambayo hukaa mwilini siku nyingi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka akachoma dozi kamili bila kupunja hata tone, maana safari hii hakuwa akitibu, alikuwa akishindana. Mpango wake ulikuwa ng'ombe akiinuka ajitokeze na kusema.

Ng'ombe aliinuka kweli. Ila kabla Mrisho hajajitokeza, Elieza alikuwa keshamshukuru Asma mbele ya watu, na hapo ndipo Mrisho alipong'amua alivyojifunga mwenyewe. Kuingia zizi la mtu mwenyewe hayupo na kumdunga ng'ombe wake kitu, pale Ihumwa, si utabibu. Ni wizi, na kama si wizi ni uchawi. Akaimeza sifa yake mwenyewe huku akiwasikia wakimpa mwingine.

Asma alikuwa amemwagiza Loisi amwage maziwa mpaka penisilini itoke mwilini, kisha ayatumie. Loisi akafuata. Siku zilipotimia akakama, akajaza kibuyu cha shukrani, akakiweka mahali pake pa siku zote. Maziwa hayakuganda. Akasubiri. Yakabaki vilevile, mepesi, matamu, kama yametoka kukamwa. Akakikosha kibuyu, akakifukiza moshi, akajaza mengine, na hayo pia yakakataa.

Loisi akasema ni jicho. Kuna mtu ameyaonea kijicho maziwa yale. Majirani hawakuhitaji kuuliza ni nani. Walimtazama Mrisho akipita, wakanyamaza, wakaendelea baada ya kupita. Masikini ya Mungu, walikuwa wamempata mwenyewe, ila njia waliyopitia ndiyo ilikuwa ya kombo.

Asma hakuamini jicho. Alijua kwamba kinachogandisha maziwa ni vijidudu pia, vile vyema, na kwamba dawa ikibaki ndani ya maziwa inaviua hivyo kama inavyoviua vibaya. Penisilini yake ilipaswa kuwa imekwisha. Akaja moja kwa moja barazani kwa Mrisho.

"Mzee Mrisho, nakuuliza kwa heshima, si kwa ubaya. Kuna mtu alimchoma yule ng'ombe dawa nyingine? Kama yupo, basi penisilini yangu haikufanya kazi, na nisiitumie tena hapa."

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi, na pale barazani walikuwa wao wawili tu. Angesema, yangeishia pale. Lakini alimtazama yule msichana na baiskeli yake na heshima yake, roho ikamsokota.

"Mimi nitajuaje? Ng'ombe ni wako wewe siku hizi."

Asma akamwamini, au tuseme hakuwa na jinsi ya kutomwamini mtu ambaye yeye humwamkia kila asubuhi. Akahitimisha kwamba chotara yule anachelewa tu kutoa dawa mwilini. Akamwambia Loisi amwage maziwa zaidi. Na wafugaji walipomwomba mkutanoni awaeleze tiba ya kiwele, aliwaambia penisilini, dozi kamili, kama kwa Elieza.

Sasa, Mrisho alikuwa na dada yake mkubwa, Joha, mjane, aliyeishi nyuma ya stesheni na watoto wanne na ng'ombe mmoja wa maziwa. Yule ng'ombe ndiye aliyekuwa baba wa nyumba ile. Ndiye aliyelisha na kuvisha. Miaka yote Mrisho alimtibu mwenyewe kwa ile sindano yake ya kupoza. Ng'ombe akaugua kiwele, na Joha akamwita Asma.

Dada yake wa tumbo moja! Mrisho alisikia habari hiyo sokoni, kutoka kwa muuza vitunguu, na aliona wivu mpaka masikio yakamwaka moto. Alijua penisilini haitafua dafu. Alijua kuliko mtu yeyote, na kauli moja tu ilitosha. Akasema moyoni: acha ashindwe. Acha Joha aone. Nitakuja siku watakaponililia.

Akasubiri. Siku ikapita, na nyingine. Alikwenda kujulia hali kama ndugu, akaketi, akanywa chai ya dada yake, akatazama kiwele kikivimba na Asma akirudi kila siku na sindano ileile, uso umemsinyaa kwa wasiwasi. Hakuna aliyemlilia. Siku iliyofuata alipoinama kushika chuchu za nyuma, zilikuwa baridi na ngozi imeanza kuwa bluu. Aliijua rangi hiyo. Huko nyuma kulikuwa kumeshakufa, na kifo kilikuwa kinaelekea mbele.

Hapo wivu ulimtoka kwa dakika moja, hofu ikakaa mahali pake.

"Dada, mwambie aache hiyo dawa. Haifanyi kazi hapa. Yule wa Elieza nilimponya mimi. Niliingia nikamchoma ile ya njano mwenyewe hayupo. Niruhusu nimchome huyu sasa hivi."

Joha hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Mrisho, ndugu yangu," alisema, "watu wote wanajua unavyomwonea kijicho yule mtoto. Mimi nilikuwa nakutetea. Leo unataka mpaka ng'ombe wa Elieza awe wako?"

Akaapa. Akaapa kwa kaburi la mama yao. Joha akamwambia asimtaje mama katika mambo haya, akasimama mlangoni mwa zizi, asipite.

Ikabidi aende kwa Asma. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno ya kumwezesha kusema jambo bila kulisema, asiyapate. Alimkuta akichemsha sindano zake, akamwambia yote akiwa amesimama: dawa gani, kiasi gani, siku gani. Asma alisikiliza bila kuinua macho. Safari hii hakumwita mzee.

"Nilikuja kwako nikakuuliza," alisema. "Nimewaambia watu wa mazizi yote. Unajua ni mangapi?"

Asma akachukua mkoba, wakaenda wote wawili, yeye mbele, Mrisho nyuma.

Joha alikuwa bado mlangoni. Asma akamwamkia, akamweleza kwa maneno machache kwamba dawa yake imeshindwa, kwamba chuchu za nyuma hazitarudi tena, kwamba huenda ng'ombe mwenyewe akapona wakibadilisha dawa sasa hivi. Kisha akafungua mkoba. Chupa ya njano hakuwa nayo. Alikuwa nayo Mrisho, mfukoni, akitembea nayo tangu asubuhi.

Mrisho akaitoa, akavuta dawa. Akageuka kumtazama dada yake, aliyezaliwa naye, aliyembeba mgongoni utotoni. Joha hakumtazama. Alikuwa akimtazama Asma.

"Amchome?" akauliza.

Asma akakisoma kipimo kwenye bomba la sindano, akakisoma tena, akasema ndiyo.

"Haya," Joha akamwambia Asma, akaondoka mlangoni.

Mrisho akaingia, akapapasa shingo ya ng'ombe, akachoma dozi yote. Ng'ombe wa dada yake alikuwa akifa kwa sababu yake. Lakini alipokuwa akisukuma bomba la sindano, kilichomchoma yeye si hicho. Ni lile neno "ndiyo" la Asma, na jinsi Joha alivyolisubiri.