Lipu ya Mtakatifu Barbara

Mchanga ule, mimi ndiye niliyemwonyesha mchoraji. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji.

Mwaka 1951 nilikuwa katekista wa kikanisa cha wachimbaji, jirani na mgodi wa dhahabu huku Geita. Padre alitaka ukuta wa nyuma ya altare uchorwe Mtakatifu Barbara, msimamizi wa watu wa migodini. Askofu angekuja kuubariki siku ya sikukuu yake, tarehe nne Desemba. Mchoraji hakuwa wa kutafutwa. Kutoka Tinde hadi Runzewe, watakatifu wote wa ukutani walikuwa kazi ya Mabula. Kwa miaka kumi alikuwa akiwanakili kutoka kwenye vipicha vya vitabu vya sala, na wote, sitaficha, walikuwa na sura moja. Ukimnyoa Yosefu ndevu unampata Teresia. Waumini walimpenda hivyohivyo, na yeye hakuwa na kazi nyingine.

Ukuta ulihitaji kukandikwa kwanza. Nikampeleka kwenye lundo la mchanga uliotoka kwenye mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Wanawake wa kambini walikuwa wakiuchota kukandikia nyumba zao, maana ni laini kuliko unga wa muhogo. Nyumba hizo zilitoka madoa kila masika, lakini nani hulalamikia doa la nyumba? Walikandika upya kiangazi, basi. Mimi na Mabula hatukufikiri kwamba mtakatifu hakandikwi upya kila kiangazi.

Barbara alikamilika Oktoba, na mnara wake na upanga wake, na sura ileile. Mvua zikaanza. Wiki ya pili shavu lake likawa njano. Kisha chumvi nyeupe ikachipuka shingoni, kutu ikateremka kutoka kwenye macho, na mnara ukaota ukijani. Mabula akampaka rangi upya. Doa likarudi. Akampaka tena, likarudi na wenzake.

Siku kumi kabla ya sikukuu nilimkuta anaikwangua sura ile kwa panga. Sikumzuia. Mchuma janga hula na wa kwao, nami nilijua nani alichuma. Alipomaliza kukwangua hakuchukua brashi. Alichanganya masizi, udongo mwekundu na chokaa, akachovya kiganja, akaanza kukandika kwa mkono mzima, kama mama zetu wanavyokandika, akizifuata kutu zinakokwenda. Ilipotoka njano aliiacha itoke. Ilipotoka chumvi aliizungushia weusi. Siku tatu alifanya hivyo, kula yake ya kulazimishwa na mkewe Melania.

Mwishowe hapakuwa na mtu ukutani. Hapakuwa na mnara. Palikuwa na weusi mkubwa unaoteremka, na wekundu uliobanwa katikati yake.

"Mabula, huyu ni nani?" nikamwuliza.

"Sijui, Mwalimu," alisema. "Ila safari hii sijanakili."

Jumapili wachimbaji waliingia kusali. Makoye, fundi wa kutoboa miamba, alikuwa mtu wa masihara hata kwenye mazishi. Siku hiyo alibaki amesimama wengine walipokaa. Sala ilipoisha akaniambia, "Kule chini taa ikizimika, ni hivi." Akatoka, akakaa juu ya jiwe, na mpaka jioni hakumtania mtu.

Padre alirudi Jumatatu kutoka safarini. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Hakugomba, alikuwa mtu mwungwana, na hilo lilizidisha ubaya wa mambo.

"Mabula," alisema, "askofu hawezi kubariki kitu kisicho na jina. Lipu hii itabomolewa leo. Nichoree Barbara kwenye kitambaa kama unavyojua, tutamtundika hapa. Usipoweza, sitakuwa na kanisa jingine la kukupa."

Melania alikuwa mlangoni. Alimpigia mumewe magoti palepale. "Baba Ngassa, nakusihi. Ni sura moja tu. Umeichora mara mia."

"Ndiyo maana, Mama Ngassa," Mabula alisema taratibu. Akamgeukia Padre akainamisha kichwa. "Padre, ukuta ni wako. Sura ile mimi sinayo tena."

Nilimchukia wakati ule. Ningeweza kumpiga kibao. Mtu ana mke, ana mtoto, ana jina kwenye misheni yote, anavitupa kwa ajili ya kutu!

Padre alinikabidhi jembe. "Pantaleo, anza."

Ngazi yetu ilikuwa ya miti, na sakafu ilikuwa imelowa. Nilipanda, ikateleza. Nilipotazama chini, Mabula alikuwa ameishika kwa mikono miwili na kuizuia kwa goti. Nikapiga jembe la kwanza. Wekundu ulianguka vipande vipande, mavumbi yakamwingia machoni, naye hakuachia ngazi.

Nilipofika katikati, jembe likanishinda. Nililia, mimi mtu mzima, katekista, mbele ya Padre. Nilikuwa nimeuona ukuta ule kila asubuhi tangu ulipokamilika, na kumbe nilikuwa nimeupenda.

"Mwalimu, usilie," Mabula alisema kutoka chini. "Nilidhani ni kutu ndiyo iliyochora, si mimi. Nimekesha nikiogopa hivyo. Lakini sasa unavyobomoa, naona ambapo ningeweka weusi mwingine."

Akatazama juu.

"Hapo kushoto umebakiza," akasema. "Toa pote, nipate kuona vizuri."