Ukingo wa Meza ya Pasi

Ukingo wa meza ya mama umelika pale katikati, tumbo la mtu mzima linapofika. Mbao imekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Mama alipiga pasi nguo za watu katika chumba chetu cha mbele. Kila mwezi zilifika siku alipokunja blanketi kuukuu, akalipitishia pasi hadi lishike joto, akalitandika ukingoni na kuliegemea kwa tumbo, mkono ukiendelea na kazi. Niliamini ndivyo mashuka mazito yanavyopigwa pasi. Nilipovunja ungo na maumivu yakanishika, hakuna aliyenifundisha. Nilikunja blanketi langu.

"Nyumba hii pasi inapigwa kwa mkono au kwa tumbo?" alitutania mwalimu mmoja, mteja wetu wa miaka mingi.

"Kwa vyote viwili," mama alimjibu. "Ndiyo maana mkunjo wa suruali yako unakata nyanya."

Tulicheka, mimi nikiwa nimeuma meno. Nilikosa shule kila mwezi, kisha kazi. Duka la dawa nilipewa vidonge. Zahanati walinipiga picha ya tumbo, ikatoka safi. "Ukizaa yatakwisha," muuguzi akasema. Mama, aliyenipata mimi peke yangu baada ya kungoja hadi ndugu wakakata tamaa, alikohoa tu.

Siku nilipoanguka na pasi ikaunguza shuka la mteja, mama hakulitazama shuka. Alinipeleka kwa daktari wa wanawake, mwanamke mmoja wa sauti ya chini, aliyeuliza kama mtu asiye na safari nyingine. Maumivu yanatangulia damu? Ukienda haja kubwa yanakuchoma? Yanashuka mapajani? Kila mara nilisema ndiyo.

"Na yakikushika, unafanyaje?"

Mama alinitangulia. "Anaegemea meza, daktari. Kama mimi. Kazi yetu ndivyo ilivyo."

Daktari aliweka kalamu chini. "Na wewe, mama, ulikuwa unaegemea kwa nini?"

Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili, kama abiria aliyepitishwa kituo.

"Nilidhani ndiyo uanamke wenyewe," alisema.

Daktari alitueleza polepole. Nyama zinazofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. Picha ya kawaida inaweza isizione, na maradhi haya huweza kumfuata binti kutoka kwa mama. Baadaye, nikiwa nimelazwa usingizi, walipitisha kamera nyembamba karibu na kitovu, wakazikuta, wakaondoa walizoweza.

Nilipozinduka mama alikuwa kando ya kitanda, akilijaribu jina kama mtu anayejaribu kiatu: "Endo-metri-osisi." Maumivu yake yalikuwa yameondoka zamani, hedhi ilipokoma, bila kuitwa chochote.

"Jina refu hivi," akasema, "na halikubisha mlangoni kwangu miaka yote ile." Akanifunika miguu. "Basi, mwanangu. Tutalitumia wote."

Maumivu yangu hayakwisha yote, lakini niliweza kusimama wima kazini. Mama alikuwa akinitazama mgongo huo ulionyooka, akitabasamu peke yake.

Miaka baadaye, asubuhi ya kumzika mama, nilipiga pasi gauni lake la kijani. Nilikunja blanketi kuukuu, nikalipasha joto, nikaliegemea pale mbao ilipolika. Tumbo halikuwa likiniuma.