Kiberiti cha Mfumu Kapambwe

Daktari Tisauke Jere, mtafiti wa misitu, alikuwa na neno moja tu la kumwambia chifu, Mfumu Kapambwe, na alikuwa amelisema mpaka kichwa chake kikajaa mvi: msitu uchomwe Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, siyo Oktoba. Moto wa Oktoba hupanda hadi kwenye majani machanga, ukayakaanga mayai ya viwavi. Na Mbemba asipokula viwavi, ale nini, gazeti?

Alikuwa amechoma vipande vya msitu mapema na vingine kwa kuchelewa, akahesabu viwavi kila mwaka. Mfumu alisikiliza, akasifu, na kila Oktoba akawasha moto wake wa kusaka wanyama kama kawaida.

Sasa ni Juni. Ijumaa Daktari anastaafu, na ofisi ya misitu inangoja tarehe ya mfumu iingie kwenye mpango.

"Karibu, mla panya!" mfumu alimpokea, baraza likaangua kicheko. Mngoni kama Daktari na Mbemba kama mfumu ni watani, hata mbele ya kiti cha enzi.

"Asante, Kanabesa, mla nyani," Daktari akajibu, akichanganya jina la heshima la machifu na utani. "Nipe tarehe."

"Oktoba," mfumu akasema, akatoa kiberiti awashe kiko chake.

Daktari mwenyewe hakujua mkono ulichomoka vipi. Alishtukia kiberiti kimo ndani ya sidiria yake, mahali pasipofikiwa na mfumu wala polisi.

Mke wa mfumu akapiga kigelegele. "Mtani kanyakua! Komboa, Kanabesa!"

Maana mtani akinyakua kitu, mwenyewe hadai, hukomboa.

"Kuku," mfumu akasema.

Daktari akatikisa kichwa.

"Haya, mbuzi!"

"Mbuzi wako atakula nini, majivu?"

"Taja bei basi, we mwizi!"

"Juni."

Mfumu akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Haya, Juni, nimekubali! Lakini viwavi wetu umewahesabu miaka yote, hata mmoja hujamwonja. Leteni sahani!"

Ni kweli. Kila akikaribishwa, Daktari hujidai ameshiba. Leo akafumba macho, akatafuna.

"Enhe?" mfumu akauliza.

Akafumbua jicho moja. "Kama panya. Ila huyu hana mkia."

Ijumaa mfumu aliwasha msitu kwa kiberiti kilekile. Moto ukatambaa chini, mpole, ukiramba nyasi.

"Huu ni moto au ulimi wa ng'ombe?" mfumu akanung'unika.

"Ndio huohuo nilioutaka, Kanabesa," akajibu Daktari, mdomo umejaa viwavi.