Bonde la Pili

...na sasa nyuzi mia moja na arobaini, mashine ya kupimia inakipasha moto polepole kile kipande cha bomba, la madumu na ndoo kuukuu zilizosagwa, mstari kwenye skrini umeshatoka kwenye bonde lake la kwanza na kunyooka, na Filbert, mwenye karakana, amesimama nyuma ya kiti, "Zima hapo, Mama Rejoice, bonde ni moja, madumu na ndoo vimeshakuwa kitu kimoja, toa karatasi ya kuyapitisha, Fuso limeshapakia mabomba, linaunguruma nje," na Oktavia, huyo Mama Rejoice, kidole kiko juu ya kitufe na hakishuki, maana bonde hilo ni la madumu tu, kila plastiki ikiyeyuka mstari hushuka, madumu huyeyuka mapema, plastiki ya ndoo ni mbishi, husubiri mia na sitini na kitu, kama imejitenga itachimba bonde lake huko, ukizima kabla hujafika utasemaje haipo peke yake... Mungu wangu, mstari na unyooke hivyohivyo, mama kule Iwawa kapiga simu asubuhi, "Mwanangu, mtaro wa maji tumeumaliza kwa msaragambo, kijiji kizima, hata wajane wameshika jembe, mvua ikitukuta utajifukia," na ile sauti ya kujivuna, ameshawatangazia kanisani, mabomba ya binti yangu... "Jana si tulilikunja mbele yako, likapasuka?" Filbert huyo tena, halikupasuka, kweli, lakini lilikunjwa saa saba mchana, jua la Makambako, nani amelikunja Iwawa alfajiri ya mwezi wa saba, umande umeganda kwenye majani ya viazi, na pale mwambani bomba litapita juu, wazi... mchuzi wa nguruwe, ndiyo, ule wa Krismasi kwa mama, ukichemka ni mchuzi mmoja, asubuhi unafunua sufuria, mafuta yameganda juu, meupe, kana kwamba hayajawahi kujuana na supu, na hakuna aliyeyagombanisha usiku, ni baridi tu, na bomba ndivyo, likiwa la moto unaona limechanganyika, likipoa kila mmoja anarudi kwao, na mpakani pao ndipo ufa unapopita... "Unanisikia lakini?" anamsikia, anausikia na moyo wake ukiomba mstari usishuke, na hapo anaona aibu, kumbe wewe na Filbert lenu moja, yeye anaomba kwa sauti, wewe kimyakimya, mficha maradhi kifo humuumbua, mtaro ukijifukia watachimba tena, watanuna, watamsema mama mpaka kwenye kwaya, asemwe, lakini bomba likipasuka mama atapanda kile kilima na ndoo ya maji kichwani, kwenye baridi ile, na njia nzima atakuwa anamtetea binti yake, hilo hapana, hilo sitalikubali, likishuka bonde la pili tunasaga upya, tunatafuta cha kuviunganisha, na mama nitampigia mwenyewe... mia na hamsini, mstari bado umenyooka, haujasema ndiyo wala hapana, Fuso bado linaunguruma, Filbert bado yuko nyuma yake, "Mama Rejoice, zima basi," na Oktavia anaondoa kidole, anaweka mikono mapajani, macho hayabanduki kwenye skrini, "Kamwambie dereva ndiye azime," anasema.